Kuendesha gari ugenini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sheria za barabarani

Sehemu kubwa ya sheria za barabarani inafanana dunia nzima, na kufanana huko ndiko kunakomponza dereva mgeni. Akiona taa nyekundu ni ileile na mkanda ni uleule, anaamini na mengine yote ni yaleyale. Maswali yafuatayo yanahusu hayo mengine: karatasi, upande wa barabara, nani apite kwanza, mwendo, faini na ajali. Mifano imetoka nchi mbalimbali ili uone tofauti zinavyokaa. Sheria hubadilika, kwa hiyo kabla ya safari pitia pia tovuti rasmi ya mamlaka ya barabara ya nchi unayokwenda.

Je, leseni yangu ya nyumbani inatosha?

Kwa mgeni wa muda mfupi, mara nyingi inatosha, ila kwa masharti. Iwe haijaisha muda, iwe halisi wala si picha kwenye simu, na iwe ya daraja la gari unaloliendesha. Mwenye leseni ya gari la automatiki peke yake asichukue la gia za mkono kwa sababu tu ndilo lililobaki kwa mkodishaji. Bima inaweza kumkana siku ya ajali. Kama leseni yako imeandikwa kwa herufi zisizosomeka huko uendako, utahitaji tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa.

Kampuni za kukodisha magari zina masharti yao juu ya yale ya serikali. Nyingi hutaka uwe umeshika leseni kwa mwaka mmoja au zaidi, na hutoza nyongeza kwa dereva aliye chini ya miaka 25. Soma hayo kabla ya kulipa.

Kibali cha kimataifa cha udereva ni kitu gani hasa?

Ni kijitabu kinachotafsiri leseni yako kwa lugha kadhaa. Peke yake hakina nguvu: askari akikusimamisha atataka kijitabu pamoja na leseni yenyewe. Hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, na chombo kilichoidhinishwa na serikali ya huko, kwa hiyo kiombe kabla ya kuondoka.

Watu wengi hawajui kwamba vibali hivi ni vya aina zaidi ya moja. Kuna cha Mkataba wa Geneva wa 1949, kinachodumu mwaka mmoja, na cha Mkataba wa Vienna wa 1968, kinachoweza kufika miaka mitatu ilimradi leseni yako nayo bado ni hai. Nchi nyingi hukubali vyote viwili, lakini si zote. Japani hutambua cha 1949 tu. Ukifika na cha 1968 hukabidhiwi gari, hata kama kijitabu chako ni halali kabisa. China bara haitambui kibali chochote cha kimataifa, na mgeni huomba leseni ya muda ya huko.

Jihadhari sana na tovuti zinazouza “leseni ya kimataifa” ya miaka kumi kwa kadi ya benki na picha moja. Hizo si leseni. Ni karatasi nzuri zilizochapishwa na mtu binafsi, na kumwonyesha askari kunaweza kukuingiza kwenye kosa la kuendesha bila leseni, au baya zaidi, la kutumia hati bandia.

Nikihamia huko je?

Hapo hesabu inabadilika. Leseni ya nje huruhusiwa kwa muda fulani baada ya kuwa mkazi: Uingereza ni miezi 12, Ujerumani ni miezi sita. Baada ya hapo unabadilisha leseni, au unafanya mtihani upya ikiwa nchi yako haina makubaliano nao. Usisubiri mwezi wa mwisho.

Nchi zipi huendesha kushoto na zipi kulia?

Kushoto ni Uingereza, Ireland, Japani, India, Pakistan, Thailand, Malaysia, Indonesia, Australia, New Zealand, na sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na kusini, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia, Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini. Kulia ni Ulaya bara, Marekani, Kanada, China bara, nchi za Kiarabu, na barani Afrika nchi kama Rwanda, Burundi, Ethiopia, Angola na zile mbili za Kongo. Anayevuka kwa gari kutoka Tanzania au Uganda kuingia Rwanda hubadili upande palepale mpakani.

Nchi nzima zimewahi kubadili. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967: magari yalisimamishwa alfajiri, yakavuka upande wa pili, yakangoja, kisha yakaruhusiwa kuendelea saa kumi na moja kamili. Samoa ilifanya kinyume chake Septemba 2009, ikatoka kulia kwenda kushoto ili watu wapate kununua magari ya mitumba kutoka nchi zinazoendesha kushoto. Waliweza kwa sababu wote walihama kwa pamoja, kila mmoja akiwa macho. Wewe unahama peke yako, katikati ya watu ambao kwao hiyo ni siku ya kawaida, na hakuna atakayekusubiri.

Nitazoeaje upande mwingine wa barabara?

Wengi huogopa katikati ya mji. Kwa kweli huko si kubaya sana, maana magari yaliyo mbele yanakuonyesha pa kupita. Hatari kubwa ipo pale ambapo hakuna wa kumfuata.

Chukua kituo cha mafuta kilicho kando ya barabara kuu, saa moja asubuhi. Umejaza tangi, umelipa, umerudi kwenye gari, abiria wa nyuma anakuuliza mmebakiza kilomita ngapi. Unatoka getini huku unamjibu. Barabara ni tupu pande zote. Mikono inageuza usukani kuelekea upande iliouzoea miaka yote, na gari linaenda kwa utulivu kabisa kwenye upande usio wake. Hakuna honi, hakuna anayekuwashia taa, mpaka atokee wa kwanza kwenye kona. Hali kama hiyo hukupata unapotoka maegeshoni, barabara ya upande mmoja inapoishia kwenye ya pande mbili, baada ya kukata kona kwenye barabara ya vumbi isiyo na mistari, na siku ya tatu au ya nne, ukishajiona umezoea.

Kanuni moja inasaidia kuliko zote: katika gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi hiyo, dereva hukaa upande wa katikati ya barabara, na abiria wa mbele hukaa upande wa ukingo. Kila unapoondoka, jiulize: je, mimi ndiye niliye karibu na mstari wa katikati? Ukijikuta uko karibu na mtaro, uko pabaya. Mpe pia abiria wako kazi. Akuambie kwa sauti “kulia” au “kushoto” kila mnapoingia barabarani, bila kuona haya.

Mambo mengine ya mwili ni haya. Pedali hazibadiliki popote: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Gia hubadilishwa kwa mkono mwingine, ingawa gia ya kwanza inabaki mahali pake. Mkono wa indiketa unaweza kuwa upande wa pili wa usukani, hasa ukihama kati ya magari ya soko la Japani na ya Ulaya, kwa hiyo utawasha waipa mara kadhaa wakati unataka kukata kona; si hatari, ila yule wa nyuma hajaona ishara yoyote. Kioo cha ndani nacho kiko upande mwingine. Na aliyezoea kukaa kulia, akikaa kushoto, huliweka gari kulia mno bila kujua, akawa anagonga vioo vya magari yaliyoegeshwa. Kama bajeti inaruhusu, kodi automatiki. Akili yako ina kazi ya kutosha bila kuongezewa klachi.

Anayevuka mpaka na gari lake mwenyewe ana shida nyingine: sasa yeye ndiye aliye upande wa ukingo, na akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka gari karibu lote limeshatoka nje. Kaa mbali zaidi nyuma ya lori ili upate kuona, na kama kuna abiria wa mbele, awe macho yako lakini asiwe mwamuzi. Mara nyingi kulipita lori kunaweza kusubiri.

Makutano hayana alama yoyote. Nani apite kwanza?

Hapa ndipo ningependa kila msafiri atumie muda wake mwingi. Kikomo cha mwendo kimeandikwa kwenye kibao. Ukisahau, utakiona tena mbele. Haki ya kupita mara nyingi haijaandikwa popote. Kila mwenyeji anaijua kichwani, na anaendesha akiamini na wewe unaijua.

Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji na sehemu kubwa ya Ulaya bara, pasipo na alama wala taa, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza. Haijalishi kwamba wewe uko kwenye barabara pana yenye lami nzuri na yeye anatoka kichochoroni. Ukiwa unapita kijiji cha Ufaransa kwa kilomita 45 kwa saa, unaona upande wa kulia mdomo wa njia nyembamba kati ya nyumba mbili, bila mstari mweupe chini na bila kibao. Gari dogo linatokeza pua na haliko tayari kusimama, kwa sababu dereva wake hana sababu ya kusimama. Ni wewe unayetakiwa kushika breki. Mgeni anayetoka nchi ambako barabara kubwa hupita kwanza hana habari, na mwenyeji hana wasiwasi, wanakutana hapo.

Kinachokuondolea wajibu huo Ulaya ni kibao cha almasi ya njano yenye ukingo mweupe. Maana yake uko kwenye barabara yenye kipaumbele, na hali hiyo inaendelea mpaka ukutane na kibao hichohicho kilichokatwa kwa mstari mweusi. Baada ya hapo rudisha macho kulia.

Uingereza hakuna sheria hiyo ya kulia. Kwenye makutano yasiyo na alama hakuna mwenye kipaumbele, kila mmoja anapaswa kwenda kwa uangalifu na kuwa tayari kusimama.

Marekani, Kanada na Afrika Kusini utakutana na makutano ambayo pande zote nne zina kibao cha STOP. Kila gari linasimama kabisa, magurudumu yasizunguke, kisha wanapita kwa zamu ya kufika: aliyetangulia kusimama ndiye anayetangulia kuondoka. Marekani, wawili wakifika kwa pamoja, aliye kulia hupita kwanza. Mfumo huu unafanya kazi vizuri ajabu kwa sababu watu wanaheshimu zamu. Usipungie mkono kila mtu apite kwa adabu, unawachanganya. Zamu yako ikifika, nenda.

Tramu nayo ni ya kuiogopa kidogo. Katika miji mingi ina haki ya kupita, haiwezi kukukwepa, na haisimami upesi. Melbourne, tramu ikisimama katikati ya barabara kushusha watu na milango iko wazi, magari yaliyo nyuma yake yanasimama pia. Basi la shule nchini Marekani ni vivyo hivyo: likiwasha taa nyekundu zinazomweka, husimama walio nyuma na, kwenye barabara isiyotenganishwa katikati, hata wanaokuja kutoka mbele. Adhabu yake ni kali, na ni haki iwe kali.

Mizunguko, au kipilefti, je?

Panapoendeshwa kushoto unazunguka kama mshale wa saa na unawapisha wanaotoka kulia kwako. Panapoendeshwa kulia unazunguka kinyume chake na unawapisha walio kushoto. Kwa vyovyote, aliyemo ndani ndiye anayepita kwanza. Kuna mizunguko michache ya zamani inayopindua hili; unaojulikana zaidi ni ule wa Arc de Triomphe jijini Paris, ambako anayeingia ndiye mwenye haki na aliyemo ndani husimama. Ushauri wangu kuhusu huo ni mfupi: upite kwa miguu, au kwa metro.

Alama za barabarani si ni zilezile kila mahali?

Umbo husema mengi kuliko picha. Katika nchi zinazofuata Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani, pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, duara jekundu ni katazo, duara la buluu ni amri, pembetatu iliyopinduliwa ni kumpisha mwingine, na pembe nane ni kusimama. Duara jekundu hukataza hata kama picha iliyo ndani haijakatwa kwa mstari. Duara jekundu lililo tupu, jeupe ndani, ndilo linalowapita wengi: lina maana kwamba magari yote yamekatazwa.

Marekani wana mfumo wao. Onyo huko ni almasi ya njano, na katazo na vikomo huandikwa kwa maneno kwenye vibao vyeupe. Angalia hatari iliyopo: almasi ya njano Ulaya inakuambia una kipaumbele, Marekani inakuambia jihadhari. Japani nayo kibao cha kusimama si pembe nane bali ni pembetatu nyekundu iliyopinduliwa, na dereva wa nchi nyingine huidhani ni ya kumpisha mtu tu.

Rangi za vibao vya kuelekeza hazina makubaliano kabisa. Barabara za kasi zina vibao vya buluu Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, lakini Italia ni kijani; na kijani hichohicho Ufaransa ni barabara kuu ya kawaida. Ukiwa Italia na hutaki kulipa ushuru wa njia, kimbia kijani ufuate buluu.

Naweza kukata kona kukiwa na taa nyekundu?

Marekani na Kanada, kwa jumla, ndiyo: unasimama kabisa, unawapisha waenda kwa miguu na magari, kisha unakata kulia, mradi hakuna kibao kinachokataza. Lakini katika kisiwa cha Montréal ni marufuku, na katika jiji la New York ni marufuku isipokuwa pale kibao kinaporuhusu. Ujerumani inaruhusiwa pale tu kilipo kibao kidogo cheusi chenye mshale wa kijani kando ya taa, na lazima usimame kwanza. Kwingi kwingineko Ulaya nyekundu ni nyekundu.

Nyekundu na njano zikiwaka pamoja, Uingereza na Ujerumani, ni kujiandaa na bado si ruhusa. Njano inayomweka ni kwenda kwa tahadhari. Nyekundu inayomweka Marekani ni sawa na kibao cha STOP, na kwenye reli ni kusimama mpaka izime. Japani kila gari husimama kabla ya kuvuka reli, hata kama hakuna treni wala kengele.

Kikomo cha mwendo nitakijuaje pasipo na kibao?

Kwanza jua kipimo. Uingereza na Marekani hutumia maili, Ireland imekuwa ikitumia kilomita tangu Januari 2005, kwa hiyo ukivuka kutoka Ireland ya Kaskazini namba hubadilika maana bila kizuizi chochote barabarani. Maili 30 kwa saa ni kilomita 48, 50 ni 80, 60 ni 97, na 70 ni 113.

Pili, kikomo kinaweza kuletwa na kitu ambacho hukudhani ni alama. Ufaransa na Ujerumani kibao chenye jina la mji, mlangoni mwa mji, peke yake kinamaanisha 50, na kile chenye jina lililokatwa kinamaanisha umetoka. Uingereza, nguzo za taa za mtaani humaanisha maili 30 pasipo na kibao kingine, isipokuwa Wales, ambako tangu Septemba 2023 ni maili 20. Hispania, tangu Mei 2021, mitaa ya mjini yenye njia moja kila upande ni kilomita 30.

Tatu, hali ya hewa. Barabara za kasi za Ufaransa ni 130, mvua ikinyesha ni 110. Autobahn za Ujerumani zina sehemu zisizo na kikomo, ila mwendo unaoshauriwa ni 130, na sehemu nyingi zina vikomo vinavyosimamiwa kwa kamera. Kaa njia ya kulia, toka kupita gari, rudi. Kupita kwa upande wa kulia ni kosa. Hata kuishiwa mafuta huko kunaweza kukuletea faini, kwa kuwa kusimama bila sababu ni marufuku na tangi tupu halihesabiwi kuwa bahati mbaya.

Foleni ikianza Ujerumani au Austria, fungueni njia ya magari ya dharura kabla hata hamjasikia king'ora: walio njia ya kushoto kabisa husogea kushoto, wengine wote kulia.

Vipi kuhusu pombe?

Usinywe. Viwango vinatofautiana mno kuvipigia hesabu: sehemu kubwa ya Ulaya ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, Uingereza ya England na Wales ni 0.8 lakini Uskoti ni 0.5, Sweden na Norway 0.2, Hungary, Romania, Slovakia na Cheki ni sifuri. Marekani ni 0.8 na Utah 0.5. Japani ni 0.3, na huko hata abiria aliyepanda akijua dereva amelewa, na aliyempa kinywaji, wanaweza kushtakiwa.

Simu, mikanda na watoto?

Kushika simu huku unaendesha ni kosa karibu kila mahali, hata ukiwa umesimama kwenye taa katika nchi nyingi. Weka ramani kabla ya kuondoa gari. Vifaa vya kugundua kamera za mwendo ni marufuku Ufaransa, Ujerumani na Uswisi, na katazo linagusa pia programu za simu; zima onyo hilo kabla ya mpaka.

Kila abiria afunge mkanda. Watoto wana sheria zinazopimwa kwa umri na kimo: Uingereza kiti cha mtoto ni mpaka miaka 12 au sentimita 135, Ujerumani mpaka miaka 12 au sentimita 150. Agiza kiti mapema unapokodi gari.

Ni maeneo gani naweza kuingia kwa bahati mbaya na kutozwa?

Italia ndiyo inayowaumiza wageni zaidi. Katikati ya Florence, Rome, Pisa na miji mingine mingi kuna maeneo yaitwayo ZTL, ambako gari lisilo na ruhusa haliingii kwa saa fulani. Mlango wake ni kibao cheupe cha duara jekundu na kamera juu yake. Hakuna geti. Ukizunguka mara tatu kutafuta hoteli unaweza kupata faini tatu. Kama hoteli yako iko ndani, waulize kabla. Wengi wanaweza kuandikisha namba ya gari lako.

Uswisi, Austria, Slovenia, Cheki na Hungary hudai ulipie stika au usajili wa kielektroniki kabla ya kuingia barabara za kasi. London hutoza magari katikati ya jiji, na kuna tozo nyingine kwa magari yanayochafua hewa kupita kiwango, ambayo tangu Agosti 2023 inahusu jiji lote. Miji mingi ya Ujerumani hutaka stika ya kijani kwenye kioo cha mbele.

Bima yangu inavuka mpaka?

Uliza kwa maandishi. Ulaya kuna mfumo wa Kadi ya Kijani. Nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika zina Kadi ya Njano ya COMESA, na Afrika Magharibi kuna Kadi ya Kahawia ya ECOWAS. Zote zinamlinda mtu wa tatu, yaani yule unayemgonga. Gari lako mwenyewe linahitaji bima kubwa inayotaja nchi hiyo. Gari la kukodi halivuki mpaka bila barua ya mwenye gari.

Trafiki akinisimamisha nifanye nini?

Washa indiketa, simama pembeni mahali salama, zima injini. Marekani usishuke: baki kwenye kiti, mikono juu ya usukani inapoonekana, na usiingize mkono kwenye mfuko au droo mpaka uambiwe. Sema polepole, toa karatasi zote kwa pamoja. Nchi nyingi humruhusu askari kumtoza mgeni papo hapo, na hilo halina ubaya mradi unapewa stakabadhi yenye namba. Usidokeze kumpa chochote pembeni, hata kama umechoka na unataka kuondoka. Unaweza kubadilisha kosa la mwendo kuwa kesi ya jinai.

Faini ikija baada ya kurudi nyumbani?

Itakuja. Kamera inapiga namba ya gari, mamlaka inamwandikia mkodishaji, mkodishaji anatoa jina lako na kukata ada yake ya usumbufu kwenye kadi, halafu faini yenyewe inafuata kwa posta, wakati mwingine miezi kadhaa baadaye. Ada ile si faini. Kuilipa hakumalizi jambo. Lipa mapema, kwa sababu nchi nyingi, Ufaransa na Hispania zikiwemo, hupunguza kiasi kwa anayewahi. Barua ikiwa imetoka mahali hukufika, au inataka utume pesa kwa akaunti ya mtu binafsi, ni utapeli.

Nikipata ajali?

Simama. Kukimbia ni kosa kubwa kila nchi, hata kama uliguswa tu. Washa taa za dharura, vaa koti linaloakisi mwanga kabla ya kushuka, weka pembetatu nyuma ya gari, na watoe watu nje ya barabara, nyuma ya kizuizi kama kipo. Kwenye barabara ya kasi usitembee kurudi nyuma na pembetatu ikiwa magari yanakuja mbio, maisha kwanza.

Namba ya dharura ni 112 katika Umoja wa Ulaya wote, 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia. Japani polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 119. Ziandike kwenye karatasi ndani ya gari.

Piga picha za magari kabla hayajasogezwa, namba zake, alama za barabara, na karatasi za bima za mwenzako. Ulaya madereva hujaza fomu moja ya maelezo ya ajali, yenye vipengele vilevile kwa lugha zote, kila mmoja akabaki na nakala. Ukiwa na fomu ya lugha yako, unaweza kufuata namba za vipengele ukaelewa ile ya kigeni iliyo mbele yako. Sahihi yako humo ina uzito mkubwa kwa kampuni za bima, kwa hiyo kama hukuelewa kilichoandikwa, usitie sahihi: waite polisi, mpigie mkodishaji au kampuni yako ya bima, na usubiri hapo mpaka upate wa kukutafsiria.